Mlinzi Anamaliza Chaji, na Apdeti Bado Haiingii

Watu wanaofika kibandani kwetu karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, huwa na lalamiko moja kati ya mawili kuhusu antivairasi ya simu. Wa kwanza atasema kidude hiki kinamaliza chaji. Wa pili atasema kidude hiki hakijiapdeti, kila akifungua simu anakuta alama nyekundu na maneno ya kutisha. Ukikaa nao kidogo unagundua wengi wana yote mawili, ila wametaja lile lililowaudhi asubuhi hiyo. Na mara nyingi kinachozuia apdeti isiingie ndicho hichohicho kinachomaliza betri, kiasi kwamba anayetibu kimoja bila kujua cha pili huongeza vyote.

Mama mmoja anayeuza ndizi za kupika ndani ya soko alikuja na kesi kamili. Nilimpa shikamoo, akaitika huku simu ameshaitupa mezani.

"Marahaba mwanangu. Hebu iguse."

Niliigusa. Ilikuwa ya moto kama pasi iliyotoka kunyoosha sare za shule.

"Kila siku asubuhi, nikianza tu kupanga ndizi, inakuwa hivyo. Saa sita haina chaji. Na kile kilinzi alichoniwekea kijana wangu wa Arusha kinaniambia hakijapata apdeti siku kumi na moja. Sasa kinafanya nini humo ndani?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa pale. Nitalirudia, maana jibu lake lilinichukua siku mbili, na nusu yake ilikuwa mahali ambapo nisingeangalia.

Tuanze na neno lenyewe. "Apdeti" kwenye antivairasi ni mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba moja. Wa kwanza ni orodha ya virusi, yaani alama za programu mbaya zinazojulikana, ambazo programu ya ulinzi huzilinganisha na kilichomo kwenye simu. Mfikirie mlinzi wa getini mwenye daftari la sura za vibaka. Daftari huongezewa kurasa kila siku, pengine mara kadhaa kwa siku. Orodha hii kwa kawaida haipiti kwenye duka la programu. Programu yenyewe huifuata kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza. Mzigo wa pili ni toleo jipya la programu, ambalo ni sawa na kumbadilisha mlinzi mwenyewe, na hilo huja kupitia Play Store. Wa tatu hauhusiani na antivairasi hata kidogo, ingawa wengi huihesabia: ni viraka vya usalama vya Android. Tangu Agosti 2015, baada ya tundu lililoitwa Stagefright kuonyesha kwamba simu inaweza kuvamiwa kwa ujumbe wa video tu, Google hutoa viraka hivyo karibu kila mwezi. Lakini kufika kwako kunategemea aliyetengeneza simu yako, na simu nyingi za bei ya chini hupata viraka kwa muda mfupi, kisha basi. Ukuta ukishapata ufa, daftari la mlinzi haliuzibi.

Tofauti ya mzigo wa kwanza na wa pili watu wameionja. Oktoba 2024 Google iliondoa antivairasi za Kaspersky, kampuni ya Urusi, kwenye Play Store kufuatia marufuku ya serikali ya Marekani. Walio nje ya Marekani waliamka na programu ileile kwenye simu, ila njia ya kupata toleo jipya kupitia duka hilo ilikuwa imefungwa. Mtu alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, na simu yake haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo mtu akiniambia haijiapdeti, namuuliza: ipi? Tarehe ya orodha iko ndani ya antivairasi yenyewe. Toleo liko Play Store. Tarehe ya kiraka iko kwenye mipangilio, pale wanapoandika habari za simu. Dakika mbili tu, na nusu ya kesi huishia hapo, kwa sababu anayedhani halindwi ana orodha ya jana, na anayejiona salama ana Android ambayo haijashonwa kiraka kwa miaka mitatu.

Sasa, kwa nini haviingii? Chukua toleo jipya. Play Store hupendelea kusasisha programu yenyewe masharti manne yakikutana: simu iko kwenye Wi-Fi, iko kwenye chaji, haitumiki, na programu inayosasishwa haiko wazi mbele yako. Aliyepanga masharti hayo alikuwa na picha ya nyumba yenye intaneti ya ukutani. Njoo mitaa yetu ya Pasua au Majengo uone. Mtu amejiunga bando la siku, data anaizima akilala ili lisiliwe bure, na simu inachajiwa usiku huohuo data ikiwa imezimwa. Masharti manne hayo yanaweza kumaliza mwezi mzima bila kukutana.

Halafu asubuhi anawasha data. Kila kilichokuwa kinangoja usiku kucha kinakurupuka kwa pamoja: picha za magrupu matatu ya WhatsApp, Play Store, hali ya hewa ambayo hakuna aliyeiomba, na antivairasi inayotafuta orodha ya siku. Simu inapata moto, bando linapungua, mwenyewe anashtuka na kuzima data tena. Upakuaji umekatika katikati, na kwa programu nyingi kesho utaanza sifuri. Mtu huyu ataapa mbele ya mahakama kwamba antivairasi imemla bando zima, na bado alama nyekundu ipo palepale. Hadanganyi.

(Kama jirani amepata toleo jipya na wewe hujapata, usihangaike. Watengenezaji wengi hutoa toleo kwa mafungu, asilimia ndogo ya simu kwanza, ili likiwa na kasoro lisiumize wote. Julai 19, 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili moja mbovu ya ulinzi kwa wateja wake wa kompyuta, na Microsoft ikakadiria kwamba mashine milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Baada ya siku ile nimeacha kulalamika nikiwa fungu la mwisho.)

Ugomvi mkubwa lakini uko kwingine. Antivairasi inataka kukaa macho, na Android inataka kila programu ilale. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna utaratibu uitwao Doze. Simu ikitulia mezani bila chaji na kioo kimezimwa, baada ya muda mfumo huzikatia programu intaneti na kuahirisha kazi zao, kisha huzifungulia dirisha fupi mara mojamoja, na madirisha hayo huzidi kuachana kadiri simu inavyoendelea kutulia. Android 9 ya mwaka 2018 ikaongeza makapu. Programu unayoifungua kila mara inakaa kapu la mbele. Usiyoigusa inasukumwa nyuma, ambako kazi na intaneti hutolewa kwa kibaba. Sasa antivairasi nzuri ni ile inayofanya kazi kimyakimya usiione wiki nzima, na kwa ukimya huohuo inasukumwa kapu la nyuma. Ndiyo maana nyingi huomba, siku ya kwanza tu, ziondolewe kwenye udhibiti wa betri. Na ndiyo ruhusa ambayo watu hukataa haraka kuliko zote, halafu wanairuhusu isome anwani zote za kwenye simu bila hata kusoma.

Huo ni utaratibu wa Google, na kanuni zake zinajulikana. Juu yake watengenezaji wengi wa simu huongeza wa kwao, mkali zaidi, kwa sababu betri ya siku mbili inauza simu kuliko ulinzi. Na mwenye simu naye huongeza wa tatu: kisafishaji, kile chenye picha ya ufagio au roketi, kinachojisifu kila saa kwamba kimefungua memori.

Kuua programu kuna namna mbili, na hapo ndipo yale malalamiko mawili yanapokutana. Ya kwanza ni kuisimamisha kwa lazima, kwenye mipangilio, au kwa baadhi ya simu kwa kuifagia tu kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni. Programu iliyosimamishwa hivyo Android huihesabu kama imezimwa na mwenye simu: kengele zake hazilii, kazi zake hazianzi, mpaka utakapoifungua kwa mkono wako. Betri haiguswi. Orodha ya virusi inachacha taratibu.

Namna ya pili ni kuikata tu ili kupata memori, bila kuisimamisha rasmi. Hapo mfumo ukipata nafasi huirudisha, kwa kuwa programu yenyewe iliomba irudishwe. Ikirudi inapakia orodha yake kwenye memori upya, inaanza kuchungulia ilipoachia, inapiga hodi kwenye seva kuuliza kama kuna jipya. Muda si mrefu kisafishaji kinaiona tena, kinaikata. Inarudi. Kila mzunguko unawasha prosesa na redio ya simu, na hakuna mzunguko unaofika mwisho. Ndizo siku kumi na moja bila apdeti na chaji kuisha saa sita. Mlinzi anafukuzwa getini kila mara, akirudi anafungua daftari ukurasa wa kwanza.

Redio nayo ina tabia yake. Simu ikituma kitu kidogo, hata salamu tu kwa seva, redio haizimi papo hapo. Hubaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. Maombi madogo hamsini yaliyotawanyika yanaweza kugharimu chaji kuliko upakuaji mmoja mkubwa. Na mtandao ukiwa hafifu, redio hupaza sauti ili isikike mnarani, na sauti hiyo inalipiwa na betri.

Waongoza watalii wanalijua hilo, ingawa wao hulaumu mlima Kilimanjaro. Kijana akipanda njia ya Machame, simu inahangaika siku nzima kutafuta mnara. Usiku wa kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, baridi inaongeza yake: betri ya lithiamu ikipoa sana hushindwa kutoa umeme kwa nguvu inayotakiwa, na simu inaweza kuzima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Ukiipasha joto kwapani, inawaka. Hapo hakuna antivairasi wala kirusi. Kisha anashukia lango la Mweka, simu inashika mtandao mzuri kwa mara ya kwanza tangu aanze safari, picha zote zinataka kupanda, jumbe zote zinataka kushuka, na orodha ya virusi ya wiki nzima inadai zamu yake. Anafika kibandani akisema antivairasi imeharibu betri. Ushauri wangu kwake ni mfupi: ikifika Mweka iweke kwenye pawa benki, iachie nusu saa, nenda ukale.

Kabla ya kuihukumu programu yoyote, soma vizuri ule ukurasa wa matumizi ya betri. Kwenye simu nyingi, asilimia iliyoandikwa mbele ya programu ni fungu lake katika chaji iliyokwisha kutumika, si katika betri nzima. Kama tangu uchomoe chaja umetumia asilimia 40 ya betri, na antivairasi imeandikiwa 15, imekula asilimia 6 ya betri. Si kidogo, lakini si 15. Na simu uliyoiacha mezani bila kuitumia itaonyesha antivairasi inaongoza hata kama imekula tone, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anakula.

Betri yenyewe ikiwa imechoka, hakuna mpangilio utakaoiokoa. Dalili zake ni simu kuruka kutoka 40 hadi 12 ghafla, au mgongo kuvimba na kava kugoma kukaa. Iliyovimba usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi.

Vinavyokula kweli ndani ya antivairasi havifanani. Kukagua programu mpya pale inapowekwa ni kazi ya sekunde. Kukagua simu nzima ni kazi nzito, maana inasoma faili moja baada ya nyingine, na kwenye memori kadi ya bei rahisi inachukua muda mrefu zaidi. Ulinzi wa kurasa za intaneti kwa baadhi ya programu hufanya kazi kwa kuipitisha intaneti yote ya simu kwenye bomba la ndani ili ichujwe; ukitazama video saa mbili, mchujaji naye yuko kazini saa mbili, na wakati mwingine matumizi ya data ya wengine huandikwa kwa jina lake. Kufuatilia simu iliyoibiwa kunaamsha GPS. Mimi huacha ukaguzi wa programu mpya, naweka ukaguzi mzima mara moja kwa wiki, na mapambo mengine nazima. Ukaguzi wa kila siku hauongezi kikubwa, kwa sababu Android humfungia kila programu chumba chake: antivairasi inaona programu zilizowekwa na faili za pamoja, lakini haiingii kwenye vyumba vya wengine. Kwenye iPhone haioni hata hizo, kwa hiyo kinachouzwa kule kwa jina hilo ni vitu vingine.

Wapo wanaoweka mbili, moja ishike kitakachoponyoka nyingine. Ondoa moja. Zote huamka kwa tukio lilelile, zote husoma faili ileile, na chaji ni moja.

Na kuna zisizostahili hata kuwekwa. Mwaka 2019 maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, ilipima programu 250 za Android zilizojiita za ulinzi. Waliziwekea programu mbaya 2,000 zilizokuwa zikijulikana. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 bila kuzisingizia programu safi. Baadhi zilikuwa na orodha ya majina ya marafiki tu, na kila asiyekuwemo akaitwa kirusi. Waandishi wake walisahau kujiandika wenyewe, zikajikamata. Kidude cha namna hiyo hata kikila chaji kidogo, kimekula bure. Anayetaka kuchagua aangalie vipimo vya maabara kama hiyo, au AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo hutoa alama ya utendaji kando ya ile ya ulinzi, kila moja ikiwa na ukomo wa 6.

Je, unaihitaji kabisa? Simu zenye Play Store tayari zina Play Protect tangu 2017, nayo hukagua programu bila kuwekwa. Anayechukua programu dukani tu, asiyepokea faili za kusakinisha kwa WhatsApp, anaweza kukaa bila nyingine. Anayependa matoleo ya kuchakachua, aiweke, na akubali gharama ya chaji. Wote wawili wajue kwamba antivairasi haina la kufanya na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huo hauna kirusi ndani yake, una tapeli. Namba yake inatumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli hapa Tanzania.

Turudi kwa mama wa ndizi. Siku ya kwanza nilikuta kisafishaji kilichokuja na simu kikiua antivairasi kutwa. Nikakizima, nikaiondoa antivairasi kwenye udhibiti wa betri, nikaiacha data wazi nusu saa simu ikiwa kwenye chaja yetu. Orodha ikaingia, siku kumi na moja zikafutika. Nikajiona bingwa.

Kesho yake asubuhi alirudi. Pasi ileile.

Nikaenda naye sokoni, nikakaa kwenye kreti. Saa mbili kasoro dakika tano simu ilikuwa ya baridi. Saa mbili na dakika tano ilikuwa inachemka, na antivairasi ilikuwa katikati ya ukaguzi mzima. Kijana wake alikuwa ameipanga, kwa busara kabisa, ikague kila usiku saa 2:00 za simu, ambazo kwetu ni saa nane, mama akiwa amelala. Nikatazama kioo. Kilisema 2:07. Mama alikuwa ameirudisha nyuma saa sita kwa mkono ili isomeke Kiswahili.

"Sasa ulitaka niamke nihesabu vidole?" aliniuliza. "Jua limetoka, ni saa mbili, simu inaniambia nane."

Sikuwa na jibu. Lakini kuichezea saa kwa mkono kuna madhara yake. Simu ikiwasiliana na seva hukagua tarehe za vyeti vya usalama, yaani vitambulisho vya seva hiyo, na saa ikiwa imepotoka sana hukataa vyeti vizima, apdeti zote zinagoma bila maelezo. Saa sita nyuma kwa kawaida zinasameheka, ila cheti kilichotolewa asubuhi hiyohiyo kinaweza kuonekana hakijazaliwa. Kwa hiyo nilirudisha saa ijipange yenyewe kwa mtandao, halafu nikabadilisha eneo la saa peke yake. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Ukirudi saa sita unaangukia saa tatu nyuma yake, na huko kuna mji mkubwa: Buenos Aires. Ndani, simu inajua wakati sahihi. Kwenye kioo, inasoma Kiswahili, na tarehe inageuka alfajiri saa kumi na mbili. Ukaguzi nikausogeza uwe mara moja kwa wiki, saa 20:00 za Argentina, ambazo Mbuyuni ni saa nane usiku.

Kijana alipokuja kumtembelea Jumapili aliona jina la mji ule kwenye mipangilio, akamuuliza mama yake simu imekwendaje Argentina. Mama akamwambia asiiguse, huko ndiko wanakojua kusoma saa.